Habari za Mtakatifu Hugo, Abate wa Cluny, na Kanisa Alilolijenga

Wasomaji wapenzi, katika siku za Jubilei ni desturi yetu kuhesabu kazi zilizotendwa: makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, watu waliobatizwa. Hesabu hizo ni njema, nasi twazifurahia. Walakini hesabu ya mawe na hesabu ya watu si moja, wala hazidumu kwa kadiri moja. Kwa sababu hiyo tumeona vema kutia katika kitabu hiki habari za mtu aliyejenga kanisa kubwa kuliko makanisa yote ya zamani zake. Kanisa lile limebomolewa, limebaki pande moja tu. Lakini mtu mwenyewe angali akikumbukwa kila mwaka tarehe 29 Aprili. Ndiye Mtakatifu Hugo, abate wa sita wa Cluny katika nchi ya Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1024 akafa mwaka 1109.

Watu wengi wa nchi zetu wanawajua watawa wa Mtakatifu Benedikto kwa kazi zao za Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, na za Ndanda, iliyoanzishwa mwaka 1906. Kanuni wanayoishika ni ileile aliyoiandika Mtakatifu Benedikto huko Italia katika karne ya 6, nayo ndiyo waliyoishika watawa wa Cluny.

MWANZO WA CLUNY

Katika mwaka 910 Guillaume, mtawala wa Aquitaine, alitaka kujenga monasteri kwa ajili ya wokovu wa roho yake. Akamwita abate mmoja mwenye sifa njema, jina lake Berno, akamwambia achague mahali. Yasimuliwa ya kuwa Berno alichagua bonde la Cluny, ambapo mtawala alikuwa akiwinda na kufuga mbwa wake wengi. Guillaume alisita, maana alikipenda sana kiwanja kile. Berno akamtaka afikiri mwenyewe kama siku ya hukumu atasaidiwa zaidi na mbwa au na sala za watawa. Basi mbwa wakaondolewa.

Katika hati ya kuitoa nyumba ile Guillaume aliandika neno kubwa. Siku zile mabwana wa nchi walizitawala monasteri kana kwamba ni mashamba yao; waliwaweka maabate waliowapenda, na mali ya maskini wakaila wao. Guillaume akajiondolea haki hiyo, yeye na jamaa yake yote. Nyumba ya Cluny akaikabidhi kwa Mitume Petro na Paulo, ilindwe na Papa wa Roma, na watawa wamchague abate wao wenyewe. Uhuru huo ndio ulioikuza Cluny.

Tena ilipata maabate walioishi maisha marefu. Abate Majolus alijenga kanisa la pili, lililotabarukiwa mwaka 981. Abate Odilo, aliyemfuata, ndiye aliyeagiza katika nyumba zake zote kwamba tarehe 2 Novemba wafu wote waamini waombewe. Desturi hiyo ikaenea katika Kanisa zima, hata leo sisi nasi twaenda makaburini siku ile, wala wengi wetu hatujui ya kuwa ilitoka Cluny.

UJANA WA HUGO

Hugo alizaliwa Semur, katika nchi ya Bourgogne, upande wa mashariki wa Ufaransa. Baba yake, Dalmas, alikuwa bwana wa Semur; mama yake aliitwa Aremburge. Hugo alikuwa mwana wa kwanza, kwa hiyo baba yake alitaka ajifunze farasi na mkuki, arithi ngome na mashamba. Mtoto hakuwa na moyo wa mambo hayo, alipenda vitabu. Akapewa ruhusa kusoma chini ya mzee wa ukoo wake, Askofu Hugo wa Auxerre, na alipokuwa na umri wa miaka kama 14 au 15 akaingia Cluny, akapokewa na Abate Odilo.

Alipata upadre akiwa na miaka 20, na baada ya muda mfupi akawekwa kuwa priori, yaani wa pili baada ya abate. Odilo alipofariki, watawa wakamchagua Hugo, mwanzoni mwa mwaka 1049. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Nyumba ile akaiongoza miaka 60.

Katika mwaka uleule wa 1049 Papa Leo IX aliita mtaguso mjini Reims ili kuikomesha biashara ya vyeo vya Kanisa, kwa maana maaskofu na maabate wengi walikuwa wamevinunua kwa fedha. Waliulizwa mmoja mmoja. Wako walionyamaza, wako waliokiri kwa haya. Hugo, kijana kuliko wengi waliokuwapo, aliweza kusimama mbele ya Papa na kujibu ya kuwa hakukitoa kitu ili apate cheo chake.

DAMU YA BABA YAKE

Sasa hatuna budi kueleza jambo moja zito. Hugo alikuwa na dada, jina lake Hélie, aliyeolewa na Robert, mtawala wa Bourgogne. Huyo Robert alikuwa mtu wa hasira na jeuri, akamwua Dalmas, yaani mkwe wake, baba yake Hugo. Kwa desturi ya mabwana wa siku zile damu ilidai damu, na mwana wa kwanza ndiye aliyetazamiwa kulipa kisasi. Mwana wa kwanza alikuwa amevaa kanzu ya utawa.

Baada ya miaka maaskofu walikutanika Autun ili kutafuta amani ya nchi, kwa maana Robert alikuwa akiwaonea watu na makanisa. Robert mwenyewe alikuja mjini, lakini akakataa kuingia barazani. Ndipo Abate Hugo alipomwendea mahali alipokuwapo, akasema naye, akamleta mbele ya maaskofu. Robert naye alikuwa ameuliwa mwanawe. Hugo akamtaka awasamehe wauaji wa mwana, na aiache nchi ikae kwa amani, naye akakubali. Na tufikiri, wasomaji: aliyeomba msamaha huo kwa ajili ya wengine alikuwa mtu ambaye baba yake aliuawa na huyo aliyekuwa akiombwa.

Habari haikuishia hapo. Mjukuu wa Robert, aliyeitwa Hugo vilevile, alitawala Bourgogne baada yake. Na mwaka 1079 akauacha utawala wote, akaja Cluny kuomba kanzu. Abate akampokea. Papa Gregori VII hakupendezwa, akamwandikia Abate kumlaumu kwa kuwa amewanyang'anya maskini na wajane mtawala mwema, hali watawala wema ni wachache. Lakini mtu yule alibaki mtawa hata kufa kwake. Hivyo mjukuu wa aliyeua akawa mwana wa roho wa yule ambaye baba yake aliuawa.

UONGOZI WAKE

Zamani za Hugo Cluny ikawa mama wa nyumba nyingi katika Ufaransa, Italia, Ujerumani, Hispania na Uingereza. Watawa wa Cluny yenyewe walikuwa kama 300 alipofariki. Kazi yao kubwa ilikuwa sala ya pamoja: waliamka usiku, wakaimba zaburi, wakarudi kanisani tena na tena hata jioni. Mtakatifu Petro Damiani, Kardinali, alipofika Cluny mwaka 1063, aliona kwamba chakula chao kina mafuta zaidi ya ipasavyo watawa. Yasimuliwa ya kuwa Hugo hakubishana naye. Alimwomba tu ashike ratiba yao ya kazi na sala siku nane kwanza, kisha atoe shauri juu ya mafuta. Kardinali hakulitaja neno lile tena.

Maskini walilishwa mlangoni kila siku. Tena mtawa akifa, sehemu yake ya chakula haikuondolewa mezani. Alipewa maskini muda wa siku 30, ili marehemu aendelee kutoa sadaka.

Kila mara mtu aliyeoa alipotaka kuwa mtawa kwa ridhaa ya mkewe, ilikuwa shida kumpatia mke mahali pa kukaa. Kwa hiyo yapata mwaka 1055 Hugo, pamoja na ndugu yake Geoffrey, alijenga katika ardhi ya ukoo wao nyumba ya watawa wanawake huko Marcigny. Mama yake mwenyewe aliingia humo. Hesabu ya masista ilipangwa iwe 99, na nafasi ya mia aliwekewa Bikira Maria, abesi wao. Kiti chake kiliachwa wazi.

William, mfalme wa Uingereza, alipokwisha kuishinda nchi ile mwaka 1066, alitaka watawa wa Cluny waje kuyatengeneza mambo ya Kanisa huko. Akaahidi kumpa Hugo kila mwaka pauni 100 za fedha kwa kila mtawa. Hugo akakataa. Alimjibu ya kuwa yeye hauzi wana wake, na kama angekuwa na fedha angependa zaidi kununua watawa wema kuliko kuwauza. Baadaye bwana mmoja wa William, aitwaye William wa Warenne, alikuja mwenyewe Cluny na mkewe, wakaona maisha ya watawa, wakaomba. Hao ndio waliopewa: Lanzo na wenzake watatu, walioanzisha nyumba ya Lewes mwaka 1077. Wale wachache wakatumwa bure, kwa kuwa waliombwa kwa unyenyekevu.

KATI YA PAPA NA KAISARI

Heinrich III, Kaisari wa Ujerumani, alimwomba Hugo awe msimamizi wa ubatizo wa mwanawe mdogo, naye akamsimamia mjini Köln siku ya Pasaka mwaka 1051. Mtoto yule ndiye Heinrich IV, aliyekuja kugombana vikali na Papa Gregori VII juu ya haki ya kuwaweka maaskofu. Mwaka 1076 Papa akamtenga na Kanisa, na mabwana wa Ujerumani wakaanza kumwacha.

Hugo alikuwa katika shida. Papa alikuwa mkuu wake, tena rafiki. Mfalme alikuwa mwanawe wa ubatizo. Wengine walishika upande mmoja wakautukana wa pili. Yeye hakukana hata mmoja. Januari mwaka 1077 Heinrich alivuka milima ya Alpi katika baridi kali, akafika mbele ya ngome ya Canossa, Italia, alipokaa Papa. Alisimama nje siku tatu katika theluji, bila viatu, amevaa nguo ya toba. Ndani ya ngome waliomwombea walikuwa Matilda wa Toscana, mwenye ngome, na Abate Hugo. Papa akamwondolea adhabu. Picha moja ya kale, iliyochorwa katika kitabu cha maisha ya Matilda, yaonyesha mfalme amepiga magoti, na Hugo ameketi kando na fimbo yake ya abate.

Twajua ya kuwa amani ile haikudumu. Baada ya miaka michache vita vilirudi, na Gregori akafa ugenini mwaka 1085. Hata hivyo Hugo hakuacha kumwombea mwanawe wa ubatizo, ijapokuwa wengi walimwona amepotea.

DHAHABU YA HISPANIA

Alfonso VI, mfalme wa León, alishindwa na ndugu yake Sancho mwaka 1072, akatiwa kifungoni. Watawa wa Cluny walisali sana kwa ajili yake, na Hugo alimwombea kwa Sancho. Alipofunguliwa na kuurudia ufalme, alisadiki ya kuwa aliokolewa na Mtume Petro kwa sala za Cluny. Baba yake, Fernando, alikuwa ameahidi kuipa Cluny vipande 1,000 vya dhahabu kila mwaka; Alfonso mwaka 1077 akaviongeza, vikawa 2,000. Kisha akamwoa Constance, binti wa Hélie, mpwa wake Hugo.

Dhahabu hiyo ilitoka wapi? Siku zile sehemu kubwa ya Hispania ilitawaliwa na wafalme Waislamu, nao, kwa kuwa walikuwa wamegawanyika, walimlipa Alfonso kodi ili asiwapige vita. Kodi hiyo ndiyo iliyovuka milima ikafika Cluny. Alfonso alipoutwaa mji wa Toledo mwaka 1085, mtawa wa Cluny, Bernard, akawekwa askofu mkuu wa mji ule, na zawadi nyingine kubwa ikaletwa. Ndipo Hugo alipoamua kujenga.

KANISA KUBWA

Kanisa la Majolus lilikuwa dogo kwa watawa waliozidi. Yasimuliwa ya kuwa palikuwa na mzee mgonjwa Cluny, Gunzo, aliyekuwa abate wa Baume. Usiku mmoja alimwona Mtume Petro katika ndoto, pamoja na Mtume Paulo na Stefano Shahidi, wakinyosha kamba chini na kupima msingi wa kanisa jipya. Petro akamwagiza amweleze Abate. Kwa alama ataongezewa yeye Gunzo miaka saba ya kuishi. Na Abate akikawia kujenga, ugonjwa wa Gunzo utamwangukia yeye. Asubuhi Gunzo aliamka mzima. Kazi ya kupima na kujenga ilisimamiwa na mtawa Hezelo, aliyetoka Liège, mtu mwenye elimu ya hesabu. Msingi ulianza mwaka 1088.

Tulieleze kanisa lenyewe kwa kadiri tuwezavyo, kwa kuwa macho yetu hayawezi kuliona tena. Mtu akiingia kwa mlango wa magharibi aliona mbele yake safu nne za nguzo zilizoligawa kanisa kuwa mapito matano, la katikati kubwa kuliko mengine. Juu hapakuwa na paa la mbao linaloonekana, bali dari la mawe lililopindwa kama tao, kimo chake kama mita 30 kutoka sakafuni. Ili dari zito namna ile lisiisukume kuta nje, matao yake hayakufanywa ya mviringo kamili kama ilivyokuwa kawaida, bali yalichongoka kidogo juu. Maana tao lililochongoka husukuma chini zaidi na kando kidogo. Ufundi huo ulitumika Cluny kabla haujaenea katika makanisa makuu ya Ufaransa.

Upande wa mashariki kanisa lilikuwa na mikono miwili ya msalaba, mmoja mkubwa na mmoja mdogo zaidi, mfano wa msalaba wa askofu mkuu wenye vijiti viwili vya kukingama. Juu ya mikono hiyo ilisimama minara ya kengele. Nyuma ya altare kuu nguzo nane zilipangwa kwa nusu duara, na nyuma yake njia ya kuzunguka na vikanisa vitano vidogo, ili mapadre wengi wapate kusoma Misa. Vichwa vya nguzo zile nane vilichongwa na mafundi hodari sana: mito minne ya Paradiso na miti yake, fadhila, na sauti nane za kuimbia zaburi, kila sauti na mtu wake mwenye chombo cha muziki. Ilifaa mahali pale, kwa kuwa kazi ya nyumba ile ilikuwa kuimba.

Baadaye ukumbi mkubwa ukaongezwa mbele, hata urefu wote wa jengo ukawa mita 187. Halikuwako kanisa refu kama hilo katika nchi za Kikristo za magharibi mpaka lilipojengwa upya kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, katika karne ya 16 na ya 17.

Tarehe 25 Oktoba 1095 Papa Urbano II alikuja kuitabaruku altare kuu. Alikuwa akirudi nyumbani, maana kabla ya kuwa Kardinali na Papa alikuwa priori wa Cluny chini ya Hugo. Mwana amekuwa baba wa wote, naye akaja kubariki nyumba ya baba yake.

KUFARIKI KWAKE

Kazi haikwisha zamani za Hugo. Mwaka 1086 majeshi ya Murabiti kutoka Afrika ya kaskazini yalikuwa yamevuka bahari yakamshinda Alfonso huko Sagrajas. Wafalme waliolipa kodi wakaacha kulipa, na dhahabu ya Cluny ikawa haba, hali kuta zilikuwa zimeinuka nusu. Hugo alikwenda mwenyewe hadi Burgos mwaka 1090, na mfalme akaithibitisha ahadi yake. Lakini ahadi si sawa na fedha mkononi.

Katika uzee wake Abate alipenda kwenda kupumzika Berzé, mahali padogo karibu na Cluny, penye kikanisa kilichopakwa picha nzuri ukutani. Katika juma la Pasaka la mwaka 1109, mwishoni mwa Aprili, alifariki akiwa na umri wa miaka karibu 85. Alilazwa juu ya gunia na majivu kwa desturi ya nyumba yake. Rafiki yake Mtakatifu Anselmo, Askofu Mkuu wa Canterbury, alikuwa amefariki siku chache kabla yake, na Mfalme Alfonso akafa miezi miwili baadaye. Mwaka 1120 Papa Kalisti II, aliyechaguliwa kuwa Papa palepale Cluny, alimtangaza Hugo kuwa mtakatifu.

YALIYOFUATA

Abate Pons alimfuata Hugo, kisha mwaka 1122 Petro, ambaye watu walimwita Mheshimiwa. Huyo Petro alikuta kanisa kubwa sana na sanduku tupu. Watawa walikuwa kama 300, na mapato ya nyumba hayakutosha hata 100. Mwaka 1125 sehemu ya dari la kanisa ikaanguka. Ikajengwa tena, na mwaka 1130 Papa Inosenti II akalitabaruku kanisa. Siku zilezile Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux aliwaandikia watawa maneno makali juu ya makanisa marefu kupita kiasi, yaliyopakwa dhahabu, hali maskini wanakwenda uchi. Hakumtaja Hugo, lakini wote walijua kanisa gani lilikuwa refu kuliko yote.

Je, Hugo alikosa? Sisi hatuthubutu kumhukumu mtakatifu, wala hatutaki kuificha hesabu. Alianza jengo kwa mali iliyotegemea vita vya nchi ya mbali. Vita vilipogeuka, deni likawaangukia waliokuja nyuma. Jambo hilo ni kweli, tena ni onyo kwa kila ajengaye. Lakini na tuone aliyesaidia kulilipa deni lile. Alikuwa Henry wa Blois, Askofu wa Winchester katika Uingereza, aliyelelewa utawani Cluny tangu utoto wake. Mama yake Henry, Adela, aliishia maisha yake kuwa mtawa Marcigny, katika nyumba ile yenye kiti wazi cha Bikira Maria. Na Adela alikuwa binti wa Mfalme William, yuleyule aliyetaka kuwanunua watawa kwa pauni 100 kila mmoja. Fedha ambayo Hugo aliikataa ilipokuwa bei ya watu, ukoo uleule uliileta baadaye kama sadaka ya mwana kwa mama yake.

Cluny iliendelea karne nyingi, lakini haikuwa kama zamani. Polepole wafalme wakajipatia haki ya kuweka maabate, na uhuru wa hati ya Guillaume ukapotea. Katika vita vya dini vya karne ya 16 nyumba ilitekwa, na masalia ya Mtakatifu Hugo yakaharibiwa. Yalipokuja Mapinduzi makuu ya Ufaransa, mashirika ya watawa yalifutwa mwaka 1790, na Misa ya mwisho ikasomwa mwaka 1791. Mwaka 1798 jengo liliuzwa kwa wafanya biashara wa Mâcon. Hao hawakutaka kanisa, walitaka mawe. Wakapasua barabara katikati yake, wakabomoa na kuuza, hata mwaka 1823. Juu ya sehemu nyingine ya kiwanja pakajengwa mazizi ya farasi wa serikali.

Leo umebaki mkono wa kusini wa msalaba mkubwa pamoja na mnara wake wa pembe nane, uitwao Mnara wa Maji ya Baraka, na vipande vichache vingine. Jumla haifiki sehemu ya kumi ya jengo lote. Mtu akisimama ndani ya mkono ule akatazama juu, ndipo afahamupo ukubwa wa yale yaliyopotea. Vichwa vya nguzo nane vimehifadhiwa katika ghala ya unga ya watawa, iliyojengwa karne ya 13. Kati ya mwaka 1928 na 1950 mtaalamu Mmarekani, Kenneth John Conant, alichimba kiwanja akaupata msingi, na kwa kazi yake tunajua umbo la kanisa lilivyokuwa. Majengo ya monasteri yaliyosalia yana shule ya wahandisi tangu mwaka 1901. Na kikanisa kidogo cha Berzé, ambacho Hugo alikipenda katika uzee wake, kingali kimesimama na picha zake.

Wasomaji wapenzi, sisi nasi twajenga, na Mungu atujalie kujenga vizuri: matao yenye nguvu na hesabu safi. Tunapotia jiwe, na tuulize fedha yake imetoka wapi, na nani atakayelipa kesho. Tena tusisahau Autun. Siku ile Hugo hakujenga ukuta wala hakutoa dhahabu. Alimwendea mwuaji wa baba yake akamleta kwenye amani. Kazi ile haikuuzwa Mâcon, wala hakuna aliyepata njia ya kuibomoa.